Mwangwi

Bibi yangu Genowefa alisimamia mashine thelathini na mbili
katika kiwanda cha pamba, hapahapa Łódź.
Alikuwa nusu kiziwi, na bado alisikia
uzi ukikatika safu ya tisa.
"Mashine nzima huisikii," alikuwa akisema,
"unasikia ile iliyoanza kukohoa."

Mimi nasimamia watu sita
na sijui hata mmoja wao anavaa viatu gani.
Tunapokea malalamiko ya bili za maji.
Kila siku saa mbili asubuhi majina yao huwaka kwenye skrini,
kila jina na kidoti chake cha kijani
kama miche kitaluni,
na makao makuu, huko Warszawa, wanataka niihesabu kila robo saa:
nani kagusa kibodi, nani hakugusa,
nani kaenda kunywa chai akarudi
na dakika kumi na moja zisizo na maelezo.

Nahesabu. Ndiyo kazi niliyoiomba.
Lakini masikio nimerithi.
Nyuma ya sauti ya Halszka kuna birika na mtoto;
najua siku ya homa kabla mama mtu hajaomba ruhusa.
Kwa Zbyszko kuna kasuku
aliyejifunza kusema "tafadhali subiri" kwa adabu kuliko sisi sote.
Kwa Witold kulikuwa na saa ya ukutani.
Ilichelewa dakika nne, ikagonga katikati ya vikao vyangu,
tukacheka, tukaendelea.

Mwezi wa Novemba ripoti ikasema:
Witold, asilimia mia na kumi na mbili.
Kidoti hakizimiki. Siku tisa hajapumzika mchana.
Makao makuu wakaandika: mfano wa kuigwa.

Nikavaa vipokea sauti, nikamsikiliza.
"Habari za asubuhi, mama, nikusaidieje?"
Neno likaenda, likagonga kitu, likarudi:
saidieje. Dieje.
Saa haikugonga.

Sauti ya mtu hairudi hivyo
chumbani mwenye kochi na pazia na kabati la vitabu.

Kochi kabeba nani? Sikuuliza.
Fomu yangu ina kisanduku cha ugonjwa,
cha msiba, cha umeme kukatika.
Hakuna cha mtu kuachiwa sakafu.

Nikaandika: "Hongera kwa takwimu."
Nikafuta, uso ukiniwaka, peke yangu jikoni.

Jumamosi nikalikunja zulia la Genowefa,
jekundu, lenye tundu la sigara ambayo hakuwahi kuikiri,
nikapanda nalo tramu. Abiria wakanipisha
kama niliyebeba mgonjwa.
Theluji ilikuwa ile ya kwanza, chafu.
Ghorofa ya nne, lifti mbovu.

Alifungua mlango akiwa na soksi mbili zisizofanana.
Kumbe viatu havai.
"Bosi?" akasema, na nyumba nzima ikajibu: osi.

Nikasema zulia linanibana nyumbani, nafasi hakuna.
Uongo. Alijua. Akashika upande wake.
Tukalitandaza bila kusema kitu
juu ya alama nne za miguu ya meza,
kompyuta ikitutazama kutoka sakafuni,
pembeni sufuria moja na kijiko.
Alinikaribisha chai, kikombe kikawa kimoja,
tukapokezana.

Jumatatu, saa mbili kamili, kidoti kikawaka.
"Habari za asubuhi, mama, nikusaidieje?"
Neno likaenda.
Nikangoja, mkono juu ya sikio.
Halikurudi.

Saa sita na nusu kidoti kikazimika
kwa dakika arobaini na saba.
Makao makuu wakataka sababu, kwa maandishi.
Nikawaandikia: Anakula.